Mabomba ya Bwana Wetu

Tarehe 3 Februari

Mke mwenzangu,

Hujambo wewe, mumeo hajambo, na kitukuu changu je, analala? Mimi mzima. Goti linanichokoza, lakini hilo ni langu na goti, wewe usiliulize.

Wiki tatu nimekaa na hasira, leo nimeona niziandike zisije zikanivimbisha tumbo. Ulisema unaniletea mtoto, mnakaa mwezi. Mmekaa siku mbili! Hata shuka halijapata mkunjo. Ukachungulia beseni, ukasema, "Bibi, maji mekundu," kesho yake umeshika begi.

Mekundu wapi? Yana rangi kidogo. Ndiyo yaliyomwogesha mama yako, yakakuogesha na wewe, na hakuna kati yenu aliyeota kutu. Mabomba yale aliyafunga marehemu bwana wetu kwa mkono wake, mwaka tuliohamia. Chuma kitupu. Si haya yenu ya plastiki kama mirija ya soda.

Mtoto ana miezi mitatu na nimempakata mara nne. Nimehesabu.

Ni mimi, bibi yako, niliyenuna.


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Bibi,

Huku hatujambo sote. Kitukuu chako analala mchana na usiku anatukeshesha sisi, na sura yake inazidi kuwa ya Babu, hasa akikasirika. Goti siliulizi.

Bibi, sikukimbia nyumba yako, wala sikukukimbia wewe. Nguo zake nyeupe zote zilitoka na madoa. Na yale maji yalivyokuwa yanadondoka! Nilitega ndoo, nikamnyonyesha, nikambeulisha, nikamlaza, narudi ndoo haijafika nusu. Chuma nacho kinazeeka. Kinaliwa kutu kwa ndani, kwa nje unakiona kizima.

Fundi tutakutumia sisi, wewe umfungulie mlango tu. Lakini simleti mtoto mpaka mabomba yabadilishwe. Nimelia kabla ya kuandika hivyo, na bado nimeandika.

Mjukuu wako akupendaye.


Tarehe 2 Mei

Mke mwenzangu,

Salamu kwako na kwa wa kwako wote. Mimi nipo, nimechoka kununa, kununa nako ni kazi.

Huyo fundi wenu amekuja. Mimi namwita Taratibu, maana akichukua spana anaitazama kwanza kama anaitongoza. Alikata bomba la jikoni akaniita nione. Mjukuu wangu, lile bomba nene lote, ndani limebaki tundu ambalo penseli haipiti! Kutu imeganda pande zote kama ukoko wa sufuria. Nikamwambia, "Hili umekuja nalo kutoka nyumba nyingine." Akakata lingine mbele ya macho yangu. Nikakubali. Na wewe unajua mimi kukubali ni mara ngapi kwa mwaka.

Basi amebadilisha kutoka tangini mpaka uani, na jikoni kote. Kimebaki kipande kimoja, mita mbili tu, ndani ya ukuta wa bafuni, nyuma ya vigae vya babu yako. Hapo nilimwambia, "Mkono wako ukome." Akaanza, "Mama, maji yakija na nguvu mpya yatakwangua kutu yote iliyomo humo." Nikamuuliza, "Nyumba ya nani?" Akafunga vifaa vyake.

Kwa hiyo kazi imekwisha. Mlete mtoto.

Bibi yako.


Tarehe 15 Mei

Shikamoo Bibi,

Tu wazima, na tumefurahi mpaka mume wangu akataka kukata tiketi leo leo. Nimemzuia.

Sikuambii uvunje. Vigae ni vyako na Babu. Ninakuomba kitu kimoja: chukua beseni jeupe, lijaze kwa bomba la bafuni, halafu uniandikie umeona rangi gani. Chochote utakachoandika nitakiamini.

Mjukuu wako.


Tarehe 30 Juni

Mke mwenzangu,

Hamjambo? Kitukuu changu ameshaanza kukaa? Asikae bila mimi.

Nimejaza beseni siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza nikasema ni mwanga. Ya pili nikasema ni beseni. Ya tatu nikasema ukweli: maji yalikuwa mekundu kama tofali, kuliko hata yale uliyoyakimbia. Ningeweza kukuandikia ni meupe, ukaja. Hilo nalo nililifikiria, nisikufiche.

Sasa nikuambie la vigae. Babu yako alivibandika nilipokuwa kwa mama yangu, nimekwenda kujifungua mama yako. Alikuwa hajawahi kushika kigae maishani. Narudi na mtoto mgongoni, ananifungulia mlango wa bafuni, anacheka mwenyewe. Mimi nikasema, "Vimepinda." Basi. Nikapita. Miaka yote ile tuliyoishi, sikumwambia kwamba ni vizuri. Alipokufa ndipo nikaanza kuvifuta kila asubuhi.

Nilimwita Taratibu, nikachukua nyundo mimi. Alitaka kunipokea, nikamwambia, "Aliyevibandika alikuwa mume wangu. Wako?" Cha kwanza nimekipasua mwenyewe. Nikaketi kwenye ndoo nikalia kidogo, yeye akajifanya anatafuta msumari. Halafu nikamwambia aendelee, na vumbi lake afagie.

Bomba jipya likaingia. Akaniambia, "Fungua, Mama." Nikafungua, nikatega beseni, nikaenda uani kuanua nguo na kumsema jirani kidogo, kama kawaida yangu. Narudi, maji yako kwenye korido! Kandambili zangu zinaelea! Taratibu kasimama juu ya kiti amekumbatia boksi la vifaa. Nikampigia kelele, "Si ufunge, mtu mzima wewe!" Ananijibu, "Uliniambia nisiguse kitu bila ruhusa."

Nimepiga deki saa nzima, na goti hili hili. Na nilipokuwa nimeinama pale chini, mke mwenzangu, niliiona sakafu yangu kupitia kwenye maji, nyufa zake zote, mpaka uso wangu nikauona.

Ni meupe. Ukuta uko wazi, mbaya kama mdomo wa kibogoyo, lakini maji ni meupe.

Nakungoja.

Bibi yako.


Tarehe 8 Julai

Bibi,

Shikamoo. Tiketi ni ya Jumamosi. Mwezi mzima, na mume wangu anakuja na vigae. Hajawahi kubandika hata kimoja. Vikipinda, mwambie ni vizuri.

Wajukuu zako, na kitukuu.