Mizizi ya Shinyalu

Dada Wairimu,

Pokea salamu kutoka Kakamega, ambako mvua haijakatika tangu jana. Mbio zimekwisha na sikuchaguliwa kwenye timu ya taifa.

Ulinisihi nije na baiskeli yako yenye springi mbele na nyuma, nikakujibu kwamba ni nzito. Nikaja na yangu ya springi za mbele tu. Mlima wa Shinyalu niliupanda mbele ya wote. Lakini tulipoteremka msituni kwenye mizizi yenye utelezi, gurudumu la nyuma liliruka-ruka hadi likanitupa kando ya shamba la chai, na wenzangu wakanipita mmoja mmoja. Mama aliyekuwa akichuma majani aliniinua, akanipangusa tope usoni kwa leso yake.

“Pole, mwanangu. Hapa watu wanaangukanga sana.”

Nililia mbele yake bila haya, wala si kwa maumivu. Nilikumbuka kwamba tangu goti likutoe mashindanoni, umetamani angalau baiskeli yako ifike timu ya taifa. Nami nikaiacha stoo kwa kiburi.

Nisamehe, dada yangu. Nakupenda, na Mungu akupunguzie maumivu.

Mdogo wako,
Maina