Nilivyomkimbia farasi niliyempenda

Jumapili, Oktoba. Jua linachoma mabati, mvua bado inatuwekea kiburi.

Nimewapenda farasi tangu utotoni, kwa mbali, kama mtu anavyompenda binti wa mkubwa wake wa kazi. Baba alisafisha mazizi ya wakubwa wa mgodi. Mimi nilichungulia juu ya ukuta. Yaliyobaki nilijifunza kwenye picha za kalenda. Kwa elimu hiyo nzito ninawaandikia watoto hadithi za msichana na farasi wake, na mtaa mzima hapa Kolwezi unaniita Tata Farasi, yaani Baba Farasi.

Naungama: sijawahi kumgusa hata mmoja.

Jana mwenye shamba moja pembeni mwa mji alitualika, mimi na watoto wa mtaa. Nisome hadithi, kisha watoto wapande farasi wake mpya, jike aliyeletwa wiki hii kutoka Mutshatsha, mji mdogo wa mbali ambako hakusikiki baruti ya mgodi. Saa niliichagua mwenyewe: saa saba mchana.

Saa saba mgodi hulipua mwamba. Nyumba hutikisika, sahani hulia, nasi tunaendelea kumega bukari, ugali wetu. Hatusikii tena. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba farasi mgeni angesikia.

Kapinga, mwenye miaka minane, alikuwa juu ya farasi. "Tata, haogopake kitu?"

"Hata kimoja," nikajibu, kama mtaalamu.

Basi akaachia mikono yote miwili, akafumba macho, sawasawa na msichana wa hadithi yangu. Mimi ndiye niliyeandika kwamba farasi akikupenda hakuangushi.

Baruti ikalia. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma. Kapinga akaanguka karibu na kwato.

Mimi nikakimbia.

Si kumwelekea. Nilijikuta nyuma ya lori. Ilunga, mtunza farasi, ndiye aliyemvuta mtoto kwa gauni kisha akaning'inia kwenye hatamu. Alipopata pumzi akacheka: "We tata, mbio yako inapita ya farasi!" Watoto walikuwa wanalia, hakuna aliyesikia ila mimi.

Kapinga amechubuka kiwiko tu. Lakini kila nikifumba macho naona ukwato na kile kichwa kidogo, na kati yake nafasi ya kiganja kimoja.

Leo baada ya ibada mama yake amekuja na jogoo, miguu imefungwa. "Aksanti mingi, tata. Batoto banasema weye njo uliokola mutoto wangu." Vumbi lilikuwa zito, watoto hawakuona nani alimvuta, na wananipenda; wamesimulia mwisho unaofaa kitabu.

Nikafungua mdomo. Likatoka neno hili: "Aksanti, mama."

Kwetu ukila kuku wa shukrani, umeshakubali kwamba ulilitenda jambo lenyewe. Jogoo yuko jikoni, ananikodolea jicho moja.

Naogopa uso wa mama huyu atakapojua. Lakini alipokuwa akiondoka alisema neno lililonigandisha zaidi: Kapinga anataka kupanda tena Jumamosi, na ataachia mikono vilevile, "sababu Tata Farasi atakuwa pale."

Nikinyamaza, mtoto huyo atapanda akiniamini.

Asubuhi, kabla mama yake hajaenda sokoni, nitabisha mlangoni kwao na jogoo wake, angali hai. Nitaomba Kapinga aitwe kwanza. Sijui kama sauti itatoka. Ikitoka, itakuwa hii: Mwanangu, shika kwa nguvu. Mimi nilikimbia.