Vipande Viwili vya Shamba

Mama Bertha, shikamoo. Naomba uniokoe kabla ya Jumatatu maana mwanao sina raha, mimi ni mwalimu wa hesabu kidato cha tano huku mkoani Lindi na wiki iliyopita nilikuwa nafundisha fanksheni, ile ya f(x) ni x mara x, nikaandika ubaoni kwamba f(x + 2) ni f(x) jumlisha f(2), yaani x² + 4, akasimama binti mmoja, Mwanaima, wazazi wake wanalima ufuta Kitomanga, akasema, "Samahani mwalimu, tukiweka moja pale kwenye x, moja na mbili tatu, tatu mara tatu tisa, mbona yako inatoa tano?" Darasa likacheka, nikapandwa na hasira nikamtoa nje, na ukweli ni kwamba tangu nasoma nilidhani f ni namba inayozidishwa na mabano, nilifaulu kwa kukariri, na tukifika kwenye kalkulasi mteremko wangu hutoka sifuri wakati kitabu kinasema 2x, basi nawaambia wakariri tu, sasa Mwanaima kajaza fomu ya kuacha hesabu na Jumatatu mkuu wa shule anaisaini, nami nikikiri heshima yangu itabaki wapi?

Mwalimu N.

Marahaba. Heshima ipi unayoiulizia, Mwalimu N? Ulimtoa nje mtu pekee aliyekuwa anafundisha siku ile.

Nimeshika chaki miaka ishirini na saba, na watu wa aina yako nawajua. f si namba, ni kanuni: unaipa kitu, inakurudishia jibu moja. Hapa kanuni yako inasema, nipe upande wa shamba la mraba nikupe ukubwa wake. Eka moja ni hatua sabini kwa sabini, hilo hata mtoto wa Kitomanga analijua. Sasa refusha kila upande hatua mbili. Kwa hesabu yako kimeongezeka kipande kidogo cha kona tu, mbili kwa mbili. Na vile vipande viwili virefu vya pembeni, hatua sabini kwa mbili kila kimoja, umemgawia nani? Mkulima angekufukuza na jembe mkononi! Vipande hivyo viwili, kila kimoja x mara kile ulichoongeza, ndivyo vinavyozaa ile 2x unayokaririsha watoto wa watu. Umevitupa, halafu unashangaa kupata sifuri. Asiyeelewa fanksheni haendi popote na kalkulasi, na wewe ulikuwa unalipeleka darasa zima njia hiyo hiyo.

Pole kwa aibu, lakini aibu ni yako, na binti ndiye anayeilipia. Jumatatu wahi kwa mkuu kabla hajashika kalamu, umwambie kosa ni lako. Kisha simama mbele ya darasa lile lile lililocheka, chora shamba, sema, "Mwanaima alipata tisa, mimi nilikosea." Mpe chaki aendelee yeye. Wewe kaa kwenye dawati lake, na uende na daftari.