Kichwa Kilichokuwa Kikipona Nje

UMOJA WA FAMILIA ZA UGENINI, LOMA ALTA, PUNTA ARENAS, KUSINI MWA CHILE

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA MAJIRA YA BARIDI KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 14 JULAI 2019, KATIKA UKUMBI WA KANISA, LOMA ALTA

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Eudomar Villalobos – Mwenyekiti
2. Bw. Wilfrido Peguero – Mweka Hazina
3. Bi. Roselène Dorvil – Mjumbe
4. Bi. Ismenia Quiñones – Katibu
Pamoja na wanachama wa kawaida waliojaza mabenchi ya mbele.

ALIYEINGIA BAADA YA KIKAO KUANZA
Bi. Yorgelis Urdaneta – Mwanachama

WASIOHUDHURIA
Waliokuwa zamu katika kiwanda cha samaki, na wengine waliotuma udhuru.

KUMB. NA. 1/7/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri. Aliwaomba wajumbe wasivue makoti kwa kuwa ukumbi ulikuwa bado haujapata joto.

Kabla agenda hazijathibitishwa, Bw. Peguero alisimama kulalamikia kumbukumbu za mwezi Mei. Alisema zilisema kwamba yeye “alichangia mawazo”, wakati ukweli ni kwamba alimpinga Mwenyekiti mbele ya watu wote na kila mtu alisikia. Alitaka kuanzia sasa maneno yaandikwe yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti alijibu, “Wewe Wilfrido shida yako siyo kuandikwa. Shida yako ni kusikika mno.”

Wajumbe walicheka. Iliamuliwa kwamba panapobidi Katibu aandike maneno yenyewe. Katibu amefanya hivyo, na anaomba asije akalaumiwa.

KUMB. NA. 2/7/2019: RAMBIRAMBI
Mwenyekiti aliwatangazia wajumbe kwamba Bi. Nelva Urdaneta, mama mzazi wa Bi. Yorgelis, alifariki Jumanne nyumbani kwa binti yake, wiki chache tu baada ya kuwasili kutoka Maracaibo, Venezuela. Alieleza kwamba marehemu alikuwa mtu mzima, moyo wake ulikuwa na matatizo tangu huko kwao, na baridi ya huku haiwaonei huruma wazee. Aliongeza kuwa alikua na marehemu mtaa mmoja, na kwamba yeye ndiye baba wa ubatizo wa Yorgelis, hivyo msiba huu ni wa kwake pia.

Wajumbe walisimama kimya. Bi. Dorvil aliongoza sala.

KUMB. NA. 3/7/2019: MAELEKEZO KWA WAGENI WAPYA KUHUSU BARIDI
Mwenyekiti alitoa maelekezo ambayo amekuwa akiyatoa kila mwaka. Nguo ya pamba isivaliwe karibu na ngozi, kwa sababu ikishika jasho inamgandisha mtu, ivaliwe sufu. Viatu viwe vikubwa kidogo ili soksi za pili zipate nafasi. Siku za upepo mkali watu wapite upande wa barabara uliofungwa kamba, na wazishike bila aibu, maana hata wenyeji wanazishika. Mtoto asivalishwe mpaka akashindwa kukunja mikono.

Bw. Peguero alisema suruali za ndani za sufu zinawasha, na kwamba yeye amemaliza miaka yote hii bila kuzivaa.

“Ndiyo maana kila Julai unatembea kama jogoo aliyenyeshewa,” alisema Bi. Dorvil.

Mwenyekiti aliwataka wajumbe watulie, akaingia kwenye suala la nyumba. Alisema nyumba nyingi za huku zina tundu la hewa chini ya ukuta, karibu na hita ya gesi, na kwamba upepo wote unaotoka baharini unapenya hapo. Aliwashauri wageni walizibe kwa nguo na kulikandamiza vizuri, ndipo nyumba itakapopata joto. Ushauri huu si mpya. Umekuwa ukitolewa katika umoja huu tangu uanzishwe, na wajumbe waliokuwepo walitikisa vichwa kuukubali.

Hapo ilisikika sauti kutoka mlangoni. Bi. Yorgelis Urdaneta alikuwa amesimama pale, na haikujulikana amesimama kwa muda gani.

KUMB. NA. 4/7/2019: TAARIFA YA BI. YORGELIS URDANETA
Agenda hii haikuwa imepangwa.

“Rudia, Baba,” alisema. “Hilo la mwisho. Lirudie.”

Mwenyekiti alimwambia aje akae kwanza, apewe chai.

“Sitaki chai. Mama hakufa kwa moyo.”

Aliendelea kusimama. Alieleza kwamba Ijumaa aliitwa hospitali, na daktari akamwambia kwamba damu ya mama yake ilikutwa imejaa hewa ya sumu inayotokana na gesi isiyoungua vizuri. Hewa hiyo haina harufu wala rangi. Hita ikiwaka katika nyumba iliyozibwa, yenyewe inakula hewa nzuri na kutoa ile mbaya, na mtu aliyekaa ndani hajui chochote. Watu wa zimamoto walifika nyumbani, wakasogeza hita, wakakuta tundu limezibwa.

“Limezibwa na bembea ya Mama,” alisema. “Ile bembea yake ya kulalia aliyokuja nayo. Hapakuwa na mahali pa kuitundika.”

Kisha alimgeukia Mwenyekiti.

“Unakumbuka, Baba? Siku aliyofika ulikuja na mikate ya arepa ya moto kwenye kitambaa. Ukasema huyu dada yangu asije akapata baridi. Ukapiga magoti mwenyewe ukaisokomeza.”

“Nakumbuka,” alisema Mwenyekiti.

“Yeye alikuwa anaitoa. Kila nikirudi kazini nakuta ameichomoa, anasema anataka kusikia nje kuna nini. Nagombana naye. Namwambia Mama, hapa siyo Maracaibo, utatuua kwa baridi. Jumanne asubuhi niliirudisha mimi. Nikaikandamiza kwa mguu.”

Bi. Dorvil alimwendea akamshika mkono. Bi. Yorgelis aliendelea kusema kwamba alirudi alasiri akamkuta mama yake kwenye kiti, kofia aliyokuwa akiifuma ikiwa mapajani. Mashavu yalikuwa mekundu. Alifurahi, akadhani hatimaye baridi imemkubali. Alivua viatu taratibu asimwamshe, akaenda jikoni akaweka maji ya kahawa. Alipompelekea kikombe ndipo alipomgusa.

Katibu aliacha kuandika kwa muda.

Kisha Bi. Yorgelis alisema kwamba daktari alimuuliza swali moja ambalo tangu Ijumaa halimwachi alale. “Aliniuliza, mama alikuwa anaumwa kichwa? Nikasema ndiyo, kila siku, ile kofia ya wageni. Akauliza, akitoka nje kinapona? Nikakumbuka sokoni. Kila Jumamosi nikimpeleka sokoni anachangamka, anabishana bei ya viazi, anacheka. Tukirudi ndani, kichwa. Mimi nikawa namwambia ni kukumbuka nyumbani.”

Kwa wale watakaosoma baadaye: “kofia” ni jina ambalo wanachama wanalitumia kwa maumivu ya kichwa ya miezi ya baridi, yanayobana paji la uso kama kofia ndogo. Wageni wamekuwa wakiambiwa kwamba ni baridi tu, na kwamba wataizoea.

Bi. Dorvil alisimama. Aliwauliza wajumbe, “Nani hapa ana kofia mwaka huu?”

Mikono ilinyooshwa karibu katika kila benchi.

“Na ukitoka nje inavuka?”

Hakuna aliyeshusha mkono. Mama mmoja wa benchi la pili alisema, “Wanangu wako ndani. Nimewaacha ndani,” akatoka mbio bila kuaga. Wengine watatu walimfuata. Waliobaki walikuwa wakitazamana kama watu walioamshwa ghafla.

Bw. Peguero alisimama, akamnyooshea Mwenyekiti kidole. Maneno yake yanaandikwa kama alivyotaka: “Miaka yote hii unatupigia magoti kwenye nyumba zetu unatuzibia pumzi. Na ukikosolewa, mtu anasikika mno. Leo nisikike. Umemuua yule mama, Eudomar.”

Mwenyekiti alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

“Na la kwako je?” Bi. Dorvil alimuuliza Bw. Peguero. “Tundu la kwako liko wazi?”

Bw. Peguero alikaa. Baadaye alisema kwa sauti ya chini kwamba lake amelijaza magazeti na kulipiga plasta, na kwamba mke wake alitapika jana.

Alitoka nje kumpigia mkewe simu. Alirudi akasema amemwambia azime hita, afungue milango na kwenda kwa jirani, na kwamba mkewe amemuuliza kama amelewa.

KUMB. NA. 5/7/2019: OMBI LA MWENYEKITI KUJIUZULU, NA MAAZIMIO
Mwenyekiti alivua miwani, akasema hastahili tena kukaa kwenye kiti hicho. Aliomba kikao kimchague mwingine saa hiyo hiyo, na yeye aende nyumbani.

Bw. Peguero alisema anaunga mkono ombi. Katibu aliuliza kama kuna mwingine anayeunga mkono.

Bi. Yorgelis alisema, “Mimi napinga.”

Mwenyekiti alimwambia, “Mwanangu, usinionee huruma.”

“Sikuonei huruma. Sijui hata kama nitakusamehe, sijafika huko. Lakini ukijiuzulu utaenda kukaa nyumbani unalia, na watu wako ndani wamezibwa. Wewe ndiye unayezijua nyumba zote. Kila tundu ulilolisokomeza unalijua. Nenda ukazibue. Uwaambie kwa mdomo huo huo uliowaambia wazibe.”

Bw. Peguero aliondoa uungaji mkono wake. Ombi halikupigiwa kura.

Iliazimiwa kama ifuatavyo, kwa maneno ya Bi. Dorvil aliyesema akiwa anafunga skafu. Tundu la hewa lisizibwe kwa kitu chochote, hata usiku wa baridi kali. Atakayeona baridi avae, asizibe. Hita iliyokuwa imezibiwa isiwashwe tena kabla fundi wa gesi mwenye kibali hajaitazama pamoja na bomba lake la moshi. Moto ukiwa wa njano badala ya bluu, izimwe. Oveni isitumike kupasha nyumba. Mtu akiumwa kichwa ndani na kupona nje, asiambiwe ni kukumbuka nyumbani: atolewe nje yeye na wote waliomo, kisha liitwe gari la wagonjwa. Na neno “kofia” lisitumike tena katika umoja huu.

Wakati Katibu akisoma maazimio, Bi. Dorvil alimkatiza. Alikuwa ametoa simu yake. Alisema Bw. Dieumaître Estimé na mkewe Fabiola, Wahaiti wenzake waliohamia Loma Alta mwezi uliopita na mtoto mchanga, walimtumia ujumbe asubuhi kwamba hawatakuja kikaoni. Aliusoma. Walisema wote wawili wana kofia, wataipumzikia nyumbani.

Aliwapigia. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena.

Mwenyekiti alikuwa ameshafika mlangoni.

KUMB. NA. 6/7/2019: KWA FAMILIA YA ESTIMÉ
Sehemu hii ya kikao ilifanyika nje ya ukumbi, na imeandikwa kwa kukumbuka, kwa kuwa upepo haukuruhusu karatasi.

Wajumbe walipanda mtaa kwa miguu, Mwenyekiti akiwa mbele. Ni mtu mzima na goti lake ni bovu, lakini hakuna aliyempita. Dirisha la nyumba ya Estimé lilikuwa na ukungu mzito kwa ndani. Mwenyekiti aligonga, kisha akapiga mlango kwa ngumi.

Alifungua Bi. Fabiola, akiwa ameegemea ukuta. Alituomba radhi kwa nyumba kutofagiwa. Joto lilitoka ndani likatupiga usoni.

“Tokeni nje,” Mwenyekiti alimwambia. “Dieumaître yuko wapi?”

“Amelala. Kuna nini, mzee?”

“Na mtoto?”

“Mtoto leo katulia,” alisema Bi. Fabiola. “Kalala tangu asubuhi, hata kunyonya hajataka. Nikamshukuru Mungu, nikasema leo nami nipumzike.”

Bi. Dorvil alipita katikati yetu akaingia. Mwenyekiti na Bw. Peguero waliingia nyuma yake. Bw. Peguero alizima hita, akavunja kioo cha dirisha la nyuma kwa kiti kwa kuwa lilikuwa limegandishwa kwa gundi, kisha akamburuta Bw. Estimé kwa makwapa mpaka uani. Bw. Estimé alikuwa hai, akitukana kwa Kikreoli na kuuliza nani amemvua blanketi. Bi. Yorgelis ndiye aliyeita gari la wagonjwa, na alitaja anwani bila kukosea.

Bi. Dorvil alitoka na mtoto, akamkabidhi Mwenyekiti ili amshike Bi. Fabiola aliyekuwa anaanguka. Mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu. Bi. Yorgelis aliyaona, akageuka akatazama upande mwingine.

Mwenyekiti alimwingiza mtoto ndani ya koti lake, akaacha uso tu nje, akakaa kwenye ngazi na kuupa upepo mgongo. Alikuwa anamsugua mtoto kwa kidole kifuani, akimsemesha maneno ambayo Katibu hakuyasikia. Kwa mbali ilisikika king’ora.

Kisha mtoto alikunja uso. Alivuta pumzi akaishikilia, na ndipo akalia. Alilia kwa nguvu mpaka majirani wa upande wa pili wakatoka kuuliza nani anaumizwa. Hakuna aliyembembeleza.

KUMB. NA. 7/7/2019: KUFUNGA KIKAO
Wajumbe walifuatana na familia hiyo hadi hospitali. Daktari wa zamu alisema wote watatu watabaki kwa uangalizi na kwamba anatarajia watapona. Hakuuliza kuhusu tundu la hewa, lakini Mwenyekiti alimweleza mwenyewe ushauri aliokuwa akiutoa wa kuliziba, tangu mwanzo, mbele ya Bw. na Bi. Estimé.

Agenda ya sherehe ya Septemba, iliyokuwa imepangwa, haikujadiliwa. Wajumbe waligawana mitaa ya kwenda kuzibua matundu, na Bi. Yorgelis alisema ataambatana na Mwenyekiti. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili na nusu jioni katika ukumbi wa kusubiria wa hospitali, Mwenyekiti akisema tu kwamba milango bado ni mingi.

Eudomar Villalobos
MWENYEKITI

Ismenia Quiñones
KATIBU