Nguruwe Aliyenuka Sangara

Mchumba wangu Nyamizi,

Marahaba. Bibi yako mzima, kaninunia kama kawaida yake. Sasa hii mara ya tatu unaniuliza kama kweli mafuta ya kwenye chakula yanawasha na kuzima vinasaba kwenye nyama ya nguruwe. Umenichosha! Mimi niliyajua hayo mwalimu wako hajaota meno.

Wakati namposa bibi yako nilikuwa na nguruwe wawili wa uzao mmoja, hapahapa Buswelu. Mmoja alikula pumba. Yule wa kuwatambia wakwe nilimshindilia mafuta ya sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni, akanenepa kama kiboko. Wakwe wakaja, tukamchinja. Mafuta teketeke, nyama inanuka samaki! Baba mkwe akatema tonge, akasimama aondoke na binti yake.

"Kijana, huyu ulimfuga au ulimvua?"

Nikamchinja haraka yule wa pumba. Wakala, wakaridhika, nikaoa.

Mama mmoja, baba mmoja, nyama mbili. Vinasaba sijawahi kuviona, ila chakula kiliviamuru, usinibishie. Mpaka leo nikileta sangara nyumbani, bibi yako anamgeuza kwanza, anatafuta kwato.

Babu yako, bingwa wa nguruwe Kanda ya Ziwa yote