Siku ya Kumcheza Nkambo

Jumapili, 5 Mei

Umeme ulikatika tukiwa misani. Nikadhani leo tumemkosa Mama Kabibi, mchekeshaji wetu. Ukarudi dakika chache kabla hajatokea kwenye televisheni. Nkambo alikuwa ameshakaa, kichwa wazi, anangoja. Ndiyo kawaida yetu, bibi na mjukuu: yeye anatazama, mimi namsuka.

Leo mchezoni Mama Kabibi alikuwa mama mkwe aliyemtembelea mwanawe. Muda mrefu hakusema neno. Alikuwa anafunua masufuria tu, moja baada ya jingine, na kila sufuria na uso wake. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Mwanamke huyu alianza wakati ambapo, hapa Lubumbashi, wanaume ndio waliovaa vitenge na kuigiza wanawake. Akaunda kundi lake mwenyewe. Michezo anatunga yeye. Wanaume wazima wanamngoja awape maneno ya kusema. Namwabudu. Mungu anisamehe, siku yenyewe Jumapili.

Nkambo akafuta machozi ya kicheko, akasema: "Siku nitakufa, weye ndjo utanicheza. Sitaki bantu balie paka kulia tu. Bacheke."

Nilimwambia aache maneno hayo. Kisha nikakubali, kwa sababu haachi mpaka ukubali. Mimi ndiye mjukuu mkubwa, na kwetu kazi hiyo ni ya wajukuu: kwenye kilio unavaa nguo za marehemu, unaiga mwendo wake na ugomvi wake, watu wanacheka katikati ya machozi. Saluni ninakosuka nawaiga wateja wote, hakuna anayepona. Sikuona ugumu.

Jumatano, 8 Mei

Nkambo amekufa. Alfajiri. Presha.

Siwezi kuandika.

Alhamisi, 9 Mei

Aibu.

Turubai limefungwa mbele ya nyumba, akina mama wako kwenye mikeka, nusu ya mtaa wetu wa Ruashi imekuja. Mjomba Donatien, kaka yake Mama, akasimama: "Bajukulu beko wapi? Hii kilio iko baridi sana." Wote wakanigeukia mimi. Nikavaa kitenge cha Nkambo, nikafunga kilemba chake. Kilikuwa bado kinanukia yeye. Nikafungua mdomo. Nikalia. Si kilio cha kuigiza, kilio changu mimi, kamasi na kila kitu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Shangazi mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie: "Kila siku kuiga bantu ku salon, leo amekuwa bubu."

Maziko ni keshokutwa. Tangu jana hakuna aliyecheka. Nkambo aliomba kitu kimoja tu, aliniomba mimi, na mimi nimeshindwa. Wajukuu wengine ni watoto wadogo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefanya wazimu. Nimekwenda kwa Mama Kabibi.

Kundi lake linafanyia mazoezi kwenye ua wa baa moja upande wa pili wa barabara kubwa. Nimeshapita pale mara nyingi, najifanya nina safari zangu. Leo nikaingia. Ni mfupi! Kwenye televisheni anajaza nyumba, pale ni mama mdogo mwenye miwani na kandambili. Alikuwa anamfundisha kijana mmoja, jitu kubwa, namna ya kukaa kwenye kiti kama mtu mwenye wivu. Akakaa yeye. Nikauona wivu. Kukaa tu!

Nikamwambia yote bila kupumua. Nikamwomba aje amcheze Nkambo, yeye anaweza, mimi siwezi.

Akanitazama sana. "Mi siko mujukulu yake," akasema. "Nikimucheza mi, iko matusi. Weye unajua ile."

Nilijua. Mtoto wa hapa hapa, mila ninazo, lakini nilifikiri umaarufu unafungua hata mlango huo. Mjinga mimi. Nikaomba radhi, nikageuka kuondoka. Akaniuliza nyumba yetu iko wapi.

Akaja mchana. Mama Kabibi, uani kwetu! Watu wakasimama, simu zikatoka. Akavua kandambili, akakaa chini kwenye mkeka na akina mama wengine, akalia nao kama inavyopasa. Mjomba Donatien, ambaye jana alikuwa mlinzi wa mila, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbembeleza afanye kidogo tu. Akakataa kwa heshima. Kisha akanivuta jikoni.

"Nkambo akikasirika, mikono yake ilikuwaka inafanya nini?"

Nikamweleza. Alikuwa anapanguza meza. Meza safi. Anazunguka na kitambaa, na ukichelewa kutoa kiwiko, anakipanguza nacho.

"Ndjo utaanzia pale. Sauti itakuja yenyewe. Na kama machozi inakuja, usiifunge. Lia, lakini lia na kilio yake."

Sijawahi kufundishwa kitu kikubwa kama hicho.

Jumamosi, 11 Mei

Tumemzika.

Kabla jeneza halijatoka, nikavaa kitenge, nikachukua kitambaa. Nikaanza kupanguza benchi. Polepole, midomo nimeibana. Nikafika kwa Mjomba Donatien, nikapanguza benchi, nikapanguza kiwiko chake, nikapanda, nikapanguza upara wake hadi ukang'aa. Mtu akacheka. Kisha mkeka mzima. Sauti ikaja: Nkambo huyo, analalamikia vumbi la mgodi, magoti yake, padri anayehubiri bila kutazama saa. Padri mwenyewe akainama akicheka.

Nikafika kwenye jeneza. Nikalipanguza pia. Hapo machozi yakaja. Nikalia kama alivyokuwa analia yeye, kwa kugomba: nani kaweka sanduku hili njiani, watu watajikwaa! Watu walicheka wakilia, sikuweza kuwatofautisha.

Nikatupa jicho nyuma. Mama Kabibi alikuwa amerudi, yuko kwenye mkeka, mdomo wazi, anajipiga mapaja kwa kicheko. Nilikuwa namchekesha Mama Kabibi. Hata sasa siamini.

Jumanne, 14 Mei

Turubai limeondolewa. Saluni wananiuliza kama kweli alikaa chini nyumbani kwetu. Najibu ndiyo, naendelea kusuka.

Siku ya maziko Mama alikuwa ndani, hakuniona. Leo jioni nilipika bukari, ugali wetu, na mboga. Akaiacha kwenye sahani, kama jana, kama juzi. Kisha akasema, bila kunitazama: "Mucheze tena. Kwa mi moya tu."

Sikutafuta kitenge. Nilisimama mlangoni, mkono kiunoni, nikamuuliza kwa sauti ya mama yake: "Weye, ulikula?"

Mama hakucheka.

"Bado, mama," akasema.

Akavuta sahani, akala.