Kaburi la Doto

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Sketi za shule, sketi za shule. Kupiga pindo tu tangu asubuhi. Mama Sauda, fundi wangu, anasema mkono wangu umelegea. Haujalegea. Nimechoka na rangi ya bluu.

Nimerudi nyumbani jua limeshapoa, nimemkuta kaka Rajabu mlangoni, hakai wala hatulii. Nikajua kuna jambo. Kumbe mkanda umekuja! Mkanda wa Kulwa na Doto. Katuni kabisa, ya Kijapani, inaanzia pale gemu ya tatu ilipoishia. Mzee Pongwa mwenye kibanda cha video kaupata kwa wakala mmoja wa Kurasini, naye aliletewa na baharia. Utaonyeshwa Ijumaa, Nane Nane. Rajabu ndiye mtafsiri.

Nimepiga kigelegele. Mama akauliza nani kaolewa.

Rajabu hajui Kijapani. Temeke nzima sidhani kama yupo ajuaye. Kichina pia hajui, na kila wiki anazitafsiri picha za Wachina. Anashika maiki, anatazama picha, anasema, na watu wazima wanafuta machozi.

Jumanne, 5 Agosti

Hidaya kaniuliza leo kazini, Kulwa na Doto ndio nini. Ametoka Songea juzi juzi, hana kosa. Nimemweleza mpaka Mama Sauda akanikemea.

Nilimwambia hivi. Mwaka ule kiwanda cha Baba kilipofungwa, mjomba alikuwa kuli bandarini, akatuletea gemu na kaseti yake. Maandishi yote ya Kijapani. Watu wawili wadogo, kama punje za mchele, wanakimbia na kupigana na mazimwi. Wamefanana kila kitu, ila mmoja mweusi na mmoja mweupe, maana TV yetu haina rangi. Rajabu akawaita Kulwa na Doto. Yeye Kulwa, mie Doto. Pedi ya kuchezea ya kwanza yake, ya pili yangu. Ya pili haina kitufe cha kuanzia. Basi siku zote alianza kabla sijakaa sawa, naingia vitani bado navuta mkeka.

Baba alikuwa anashinda amelala, hataki kelele. Tukaizima sauti ya TV, Rajabu akawa ananong'ona. Kulwa ana nguvu lakini anapotea hovyo. Doto ndiye anayejua njia. Mama yao yuko ng'ambo ya lango, anawangoja. Hayo yote hayakuwemo kwenye gemu. Kayatunga yeye, sikioni kwangu. Ikaja kaseti ya pili, ikaja ya tatu, na watoto wa mtaa wakawa wanajazana dirishani kwetu, wanasikiliza zaidi ya kutazama. Ya tatu iliishia langoni. Wawili wamesimama, lango limefungwa, maandishi, basi. Miaka yote hii tumewaacha pale wamesimama.

Lililobaki sikumwambia Hidaya. Kwamba nilipoishia darasa la saba Rajabu aliendelea na shule, mie nikaendelea na ndoo za maji. Na kwamba jioni nilikuwa Doto. Hakuna mahali pengine nilipowahi kushika upanga.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepita kibandani makusudi, Mzee Pongwa akanionyesha jalada la mkanda. Limechorwa vizuri, siwezi kusema uongo. Kulwa amekuwa mtu mzima, ana kovu shavuni, ana nguo za bluu. Lango nyuma yake. Nikamtafuta Doto. Nikageuza nyuma. Hayupo.

Labda wamemficha. Watu wa picha wana mbinu zao.

Maharage yameungua jikoni nikiwaza hayo. Mama kanisema, na amenisema haki.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo Rajabu ameutazama mkanda peke yake na Mzee Pongwa. Ndivyo mtafsiri anavyofanya, anautazama kwanza ili ajipange. Karudi, mihogo kaila nusu, na yeye sahani huwa anailamba.

Nikamuuliza Doto kafanya nini. Kasema utaona kesho. Kasema hivyo anafunga kamba za viatu, na alikuwa haendi popote.

Anataka kunishtua, najua. Toka utotoni hawezi kutunza siri usoni. Nimepiga pasi kanga mpya.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Naandika haraka kabla hasira haijapoa.

Kibanda kilijaa mpaka watu wakasimama kwenye madirisha. Wasichana ni sie wawili tu, mie na Hidaya, benchi la nyuma. Rajabu kwenye kiti chake pembeni ya TV, maiki mkononi. Deki ikaingizwa mkanda. Watu wakapiga mluzi wimbo wa gemu, kila mtu Chang'ombe anaujua. Nilisikia raha jamani. Nilisikia raha.

Picha ya kwanza, mvua. Picha ya pili, Kulwa amepiga magoti. Mbele yake rundo la mawe, upanga umechomekwa, juu ya upanga kofia ya vita kama ya kwake, ila nyekundu. Rajabu akakohoa. Akasema kwenye maiki: "Hili ni kaburi la Doto."

Basi. Neno lenyewe ni hilo tu. Katuni ikaendelea na safari.

Kumbe nilikuwa mwekundu. Miaka yote kwenye TV yetu nilikuwa mweupe weupe, sikuwahi kujua rangi yangu. Nimeijulia kaburini.

Stelingi wa picha hafi, kila mtoto anajua. Kumbe sikuwa stelingi.

Na kilichobaki ni ovyo. Kulwa, aliyekuwa hasemi ila anakata, sasa anaongea kama kinyozi. Wamempa mwanamke mwenye macho makubwa, kazi yake kupiga kelele na kupika. Lango! Lango lile tuliloliendea mpaka vidole vikaota sugu, limefunguliwa kwa ufunguo aliouokota kichakani. Ng'ambo hakuna mama. Kuna jumba la mfalme. Wimbo wetu hata mara moja hawakuupiga. Watu walitoka wanaguna. Wengine walisema si mbaya. Hao hawakuwahi kuishika pedi.

Nimeondoka kabla taa hazijawashwa. Hidaya kanishika mkono njia nzima. Namshukuru kwa hilo.

Subira yavuta heri, wanasema. Yangu imevuta rundo la mawe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimegombana na Rajabu. Uani, mbele ya Mama anayechagua mchele.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia juzi. Akasema: "Tumu, ni katuni. We mtu mzima unalilia katuni?"

Iliniuma, kwa sababu ni kweli nilikuwa nalia. Nikamwambia silii katuni. Wajapani hawanijui, wakinizika shauri yao. Aliyenizika ni yeye. Kwa mdomo wake, mtaa mzima unasikia.

"Picha imeonyesha kaburi, mdogo wangu. Ningesema nini?"

Nikamwuliza vile vidoti kwenye TV ya Baba vilionyesha nini? Vilionyesha mama ng'ambo ya lango? Lini picha ilimzuia yeye kusema?

Mama akaendelea kutupa mawe ya mchele, moja moja. Halafu Rajabu akasema polepole kwamba Alhamisi aliutazama mkanda mara mbili. Alitafuta pa kunipenyeza, hakupaona. Mzee Pongwa anataka tafsiri ifuate picha, la sivyo watu watasema mtafsiri wa uongo. Aliona aibu kuniambia.

Nilijua ni kweli. Sikutaka kumsamehe kwa hivyo nikaingia ndani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwambia hivyo kupitia pazia. Nilikusudia kumwumiza na nadhani nimefaulu. Haijanipa raha niliyoitegemea.

Jumapili, 10 Agosti

Mkanda umerudiwa leo saa tisa. Sikwenda. Nilisema siendi na sikwenda. Hidaya alikuja kunipitia, nikamwambia nina sketi.

Nilikuwa nazo kweli. Nimekaa uani na pindo langu, mgongo ukutani. Lakini Mzee Pongwa ana spika ile kubwa juu ya paa lake, na kibanda ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nani atakwepa? Mama aliniambia niingie ndani kama sitaki kusikia. Sikuingia.

Nikasikia mvua ya kwenye mkanda. Nikajua sasa ni kaburi. Sindano ikasimama.

Rajabu hakukohoa safari hii. Alisema: "Tazameni vizuri. Kofia ya Doto, upanga wa Doto. Doto mwenyewe mnamwona? Mliona wapi jemadari akazikwa na silaha zake zikaachwa nje? Kaburi hili ni tupu. Amelijenga mwenyewe, maadui waache kumtafuta."

Kibanda kizima kikapiga kelele. Nilisikia mpaka mabati yakitetemeka.

Kisha hakuniacha hata picha moja. Kulwa akifika njia panda, Rajabu anasema ameuona mkwaruzo wa kisu mtini, Doto ametangulia. Kulwa akiongea sana, anasema anaongea kwa nguvu ili dada yake huko msituni asikie. Yule mwanamke wa macho makubwa akipiga kelele, kumbe ni ishara, kafundishwa na Doto. Hapo nikacheka, kiganja mdomoni. Mama naye akacheka, na Mama hajui lolote kuhusu mazimwi.

Ufunguo wa kichakani: "Ufunguo hauoti kama mchicha. Nani kauweka?" Watoto wote wakajibu kwa pamoja. Walijibu jina langu. Yaani la Doto.

Langoni akaishusha sauti. Ilikuwa ile ile ya kunong'ona, ya enzi za Baba amelala, ila sasa inatoka kwenye spika juu ya bati. "Kulwa anausukuma mlango huu. Mlango mzito, mtu mmoja hauwezi. Nyie mnamwona mmoja."

Akaacha picha iende.

Nimelowesha sketi ya mtoto wa watu kwa machozi. Nitaifua.

Sijui kwenye TV walikuwa wanaona nini wakati huo. Jumba la mfalme, nadhani. Mie nilikuwa nje, sikuona.

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee Pongwa amefoka. Wapo waliolalamika kwamba Ijumaa Doto amekufa na Jumapili yuko hai, mtafsiri ashike moja. Wengine wanataka mkanda urudiwe tena. Rajabu amekauka sauti, anakunywa tangawizi. Hajui kama atapewa mkanda mwingine wa kutafsiri. Hakuniambia yeye, kaniambia Hidaya, naye kaambiwa dukani.

Nimemchemshia tangawizi ya pili. Nikaweka asali. Alikunywa yote.

Jirani zetu wana wasichana wawili wadogo. Leo asubuhi walikuwa wanapigana kwa vijiti, na waligombea nani awe Doto. Nimesimama na ndoo yangu nikawatazama mpaka nikachelewa kazini.

Jumatano, 13 Agosti

Mama Sauda ameisifu kazi. Kasema mkono umerudi.

Mzee Pongwa amemwita Rajabu. Wiki ijayo kuna picha mpya ya Mchina, atatafsiri yeye. Kaonywa afuate picha. Kasema ndiyo mzee.

Jioni niliporudi nimekuta TV ya Baba imefutwa vumbi na gemu imetolewa kwenye boksi chini ya kitanda. Kaseti ya tatu. Nilidhani imekufa siku nyingi. Rajabu alikuwa anaipuliza.

Akanipa pedi ya kwanza, yenye kitufe. Nikaitazama. Nikamrudishia, nikachukua ya pili. Mie ni Doto. Akatabasamu kidogo, tangawizi bado iko kooni.

Sauti ya TV aliizima bila kuambiwa. Mama yuko uani anapeta mchele. Wale wawili wakatokea, mweusi na mweupe, wamesimama wanangoja kama tulivyowaacha.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akauliza kama nimekaa sawa.

Nikasema bado. Nikavuta mkeka, nikapanga kanga, nikakunja miguu. Akangoja.